Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu anaijua maana ya usemi huu bila ya kufunzwa: mwimbaji akifika penye kugusa moyo, msikilizaji huinuka, hujongea mbele kwa madaha, humtia noti mkononi, kisha hurejea kitini pake. Huko ndiko kutunza. Lakini neno hilohilo lina maana ya pili. Hati za kale hutunzwa katika nyumba ya nyaraka, vito hutunzwa sandukuni, na mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka hutunzwa nyuma ya kioo. Mcheza kwao, basi, hutunzwa kwa namna ipi? Hupewa haki yake mkononi, au huwekwa nyuma ya kioo asibadilike? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa maneno tu. Katika mji wa Arusha na vijiji vilivyotandaa mbavuni mwa Mlima Meru, hata hivyo, ni swali la riziki na heshima za watu.

Watunzi wa hadithi za kubuni wameota kwa muda mrefu juu ya chombo cha kumrudisha mtu katika zama zilizopita. Arusha safari ya namna hiyo huuzwa kila msimu wa watalii. Mgeni hushuka katika uwanja wa ndege, hupelekwa mbugani kuwaona wanyama, na baina ya siku ya simba na siku ya tembo hutengewa saa moja ya kuona watu. Hufikishwa kwenye boma, akawakuta vijana waliovaa shuka nyekundu na shanga, wamejipanga safu, wakiruka juu kwa zamu, miili imenyooka kama mikuki, huku wenzao wakighani kwa sauti nzito. Mchezo huo kwa Kimaasai huitwa adumu, jina ambalo katika sikio la Mswahili husikika kama dua. Mgeni huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba anayaona maisha kama yalivyokuwa tangu kale. Mchezo ukimalizika, kijana mmoja huchomoa simu kiunoni na kuzungumza na mwenzake aliyeko mjini. Hapo uso wa mgeni hubadilika. Huhisi kwamba ameuziwa bidhaa ya bandia.

Je, ni kweli ameuziwa? Na ikiwa amedanganywa, aliyemdanganya ni nani?

Njia mojawapo ya kulipima jambo hili ni kuigeuza safari yenyewe. Msomaji na amfikirie kijana wa Kiarusha kutoka Ng'iresi, kijiji kilichoko mlimani juu kidogo ya mji. Waarusha ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa desturi za rika, lakini ni wakulima wa migomba na mahindi. Kijana huyu amechoka kutazamwa. Naye ameamua kwenda kutazama. Ateremka hadi Mnara wa Saa, ambao wenyeji husema kuwa umesimama katikati ya njia ya kutoka Cape Town hadi Kairo. Saa iliyobebeshwa kazi ya kuligawa bara zima nusu kwa nusu haishindwi na kazi ndogo ya kumfikisha mtu mmoja Paris ya mwaka 1776. Mfukoni ana kijitabu cha wasafiri, nacho kimemweleza kwamba Wazungu wana ngoma yao ya asili iitwayo baleti, na kwamba huchezwa na wanawake waliovaa nguo nyeupe nyepesi, wakisimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Kijana anataka kuiona ngoma hiyo ingali safi, kabla haijaharibiwa na dunia ya kisasa.

Anaingia katika ukumbi wa Opera ulioko Palais-Royal, jengo ambalo moto utaliteketeza mwaka 1781. Mishumaa na taa za mafuta zinafuka moshi. Jukwaani anawaona wacheza waliovaa viatu vya kisigino na nywele za bandia, na wanawake ambao magauni yao yametanuliwa kwa fremu hata nyonga zao zinakaribia upana wa mlango. Barakoa, ambazo wacheza wa ukumbi huu walizivaa kwa miongo mingi, ndiyo kwanza zimeanza kuachwa. Anangoja kuona vidole vya miguu, asivione. Anangoja nguo nyeupe nyepesi, zisije. Wanaoshangiliwa zaidi ni wanaume. Kijana anamgeukia jirani yake na kumuuliza kwa adabu ni lini itaanza baleti ya kweli. Jirani haelewi swali. Baleti aliyoahidiwa kijana haijazaliwa bado: itampasa angoje hadi mwaka 1832, Marie Taglioni atakapocheza La Sylphide katika mji huohuo.

Wala hii iliyoko mbele yake haijatulia. Mwaka 1726 Marie Camargo alipojitokeza hapa kwa mara ya kwanza, wacheza wa kike walikuwa wakivaa marefu. Yeye alifupisha gauni ili miguu yake myepesi ionekane, na watu wakagombana juu ya jambo hilo. Mwaka 1734 Marie Sallé, akiwa London, alilitupa gauni la fremu na kuziacha nywele zake wazi. Mwaka 1760 Jean-Georges Noverre alichapisha barua zake juu ya dansi, akizishambulia barakoa na mavazi mazito, na kudai kwamba mwili wa mcheza usimulie kisa chenye huzuni na furaha ya kweli. Na sasa, mwaka huu wa 1776, Noverre huyohuyo ameletwa kuwa bwana wa baleti hapa Opera kwa nguvu ya Malkia Marie Antoinette, aliyekuwa mwanafunzi wake, na baadhi ya wakuu wa ukumbi wanamchukia kwani cheo hicho walikitamani wao. Mgeni amekuja kutafuta asili. Amefikia kwenye ugomvi.

Jambo moja tu anaweza kulitambua bila ya mkalimani. Yupo jukwaani kijana mwembamba wa miaka 16, Auguste Vestris, mwana wa Gaétan Vestris ambaye Paris imempa jina la mungu wa dansi. Mwana huyu atakumbukwa kwa mruko wake. Anaporuka, anapaa na kubaki hewani kitambo zaidi ya inavyotarajiwa, na waliosimama chini mbele ya jukwaa wanapiga kelele. Mgeni wa Ng'iresi naye anatikisa kichwa, kwani umri huo na mruko huo anaujua. Kwao pia kijana hupimwa kwa namna anavyoiacha ardhi, na wenye kumpima ni watu waliowahi kuruka.

Sasa na ageuke tena, aitazame Meru ya mwaka uleule wa 1776. Kama kuna mtalii aliyefika huko akitaka kuona ngoma ya asili ya Waarusha mlimani, yeye pia angekosa. Wameru walikuwa tayari wamekaa upande wa kusini mashariki wa mlima, wakilima migomba yao. Lakini Waarusha hawakuwa wamefika. Wao walihamia miteremko ya kusini magharibi katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini. Shanga ndogondogo za rangi nyingi, zinazopigwa picha leo kama alama ya kale isiyojulikana mwanzo wake, zilienea huko kwa wingi katika karne ya 19, na nyingi zilitengenezwa Venisi na Bohemia, zikapitia Unguja na kupanda bara na misafara. Wasomaji wa visiwani wanaweza kuziona kama sehemu ya historia yao wenyewe: asili ya huko ilipita forodhani kwao. Na shuka nyekundu ni nguo ya kiwandani iliyochukua nafasi ya ngozi. Kwa hiyo asili iliyokuwa ikitafutwa haikuwapo Paris wala Meru. Palikuwapo watu tu, wakicheza walivyoweza, kwa vitu walivyovipata.

Hadi hapa hapana dhuluma. Kila ngoma hubadilika, na kutojua kwa mtalii ni ujinga wa kawaida unaosameheka. Dhuluma huanza pale ambapo kubadilika kunahesabiwa kuwa uhai kwa mmoja na kuwa uharibifu kwa mwingine. Mchezo wa La Fille mal gardée ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Bordeaux tarehe 1 Julai 1789, wiki mbili kabla ya kuanguka kwa gereza la Bastille, na bado unachezwa. Lakini hatua alizozipanga Jean Dauberval zimepotea. Mchezo unaopendwa zaidi leo kwa jina hilo ulitungwa na Frederick Ashton mwaka 1960, kwa muziki uliopangwa upya. Giselle iliyozaliwa Paris mwaka 1841 iliachwa kuchezwa huko mwaka 1868, ikalelewa Urusi, na iliporudi mwaka 1910 ilikuwa imevaa mikono ya walezi wake. Ni kama jahazi lililobadilishwa ubao mmoja mmoja hata pasibaki ubao wa kwanza, na bado mabaharia huliita kwa jina lake. Hakuna anayesema kuwa baleti imekufa kwa sababu hiyo. Mcheza akitoka jukwaani, akavua vazi la msichana wa shamba wa mwaka 1789, akapanda treni na simu yake mkononi, hakuna mtazamaji anayedai arejeshewe nauli. Hujulikana kwamba yeye ni mtu wa leo anayecheza jambo la jana.

Morani hapewi haki hiyo. Yeye hutakiwa awe jambo la jana lenyewe.

Tena haki hiyo amenyimwa kutoka pande mbili. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwauliza wasikilizaji wake, kwa muhtasari, kwamba wengi wamejifunza rumba, chachacha na hata waltz, lakini ni wangapi wanaojua kucheza au waliowahi kusikia gombe sugu, kiduo au lelemama? Lilikuwa swali la haki, na lelemama ya pwani ilitajwa kwa heshima pamoja na ngoma za bara. Lakini mwaka 1967, mwaka ule wa Azimio la Arusha, viongozi katika mkoa huohuo walianza kampeni ya kuwataka Wamaasai waache ngozi na lubega wavae nguo walizoziita za kisasa, na iliendelea hadi 1968. Mmaasai aliambiwa: unaishi katika wakati uliopita, njoo katika wakati wa leo. Haikupita hata miaka thelathini. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, utalii wa utamaduni ulianzishwa katika vijiji vya kaskazini, na Ng'iresi ikawa mojawapo. Mpango huo ulikuwa na nia njema, na ulileta fedha vijijini badala ya kuziacha zote hotelini. Lakini soko kubwa lililokua pembeni yake lilikuwa na amri yake: rudi katika wakati uliopita, ukae hukohuko, mgeni asije akakukuta umetoka. Kwanza alikatazwa vazi lake kwa kuwa ni la zamani, kisha akalipwa alivae kwa sababu hiyohiyo. Wakubwa wote wawili hawakumuuliza yeye anaishi mwaka gani.

Hapa pana hoja nzito inayopaswa kusikilizwa. Itasemwa: bila ya kutunza, ngoma hufa. Shairi lina herufi za kulibeba; ngoma haina. Mzee akizikwa, hatua zake huzikwa pamoja naye. Ndiyo maana mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapisha Paris mfumo wa kuandika dansi kwa alama, na ndiyo maana mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe tatu za rika za Wamaasai wa Kenya, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Afadhali ngoma iliyokaushwa kwa ajili ya mtalii, hoja hiyo husema, kuliko ngoma iliyosahauliwa.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inakisia kwamba tunajua kinachotunzwa. Wapenda mashairi wana mfano karibu nao. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, miaka miwili tu baada ya Camargo kuingia Opera. Maneno yake tunayo, kwani yalihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini sauti ya yule aliyeyaghani kwa mara ya kwanza haimo katika herufi. Utendi umeishi kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliojua kughani, na waliokuwa na sikio la kumwambia mghani aliyeteleza: hapo sivyo. Karatasi ilisaidia, sikio ndilo lililohifadhi. Hata magomvi yamesaidia. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapenzi wa vina na mizani walimjia juu, na wapenzi wa uhuru wakajibu. Yeyote aliyeshinda au kushindwa, mabishano yale yalionyesha kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa na wenyewe. Maiti haigombewi namna ya kuvaa.

Basi kipimo cha ngoma iliyo hai kiko kwa wale wanaoweza kuikosoa kuliko kilivyo katika umri wa hatua zake. Waliosimama chini ya jukwaa la Paris waliweza kumzomea mcheza. Wazee na wenzi wa rika katika sherehe ya Eunoto wanaweza kusema kwamba mruko huu ni mbovu, au kwamba huyu hajui kuongoza wimbo. Mtalii hawezi. Yeye hupigia makofi mruko mzuri na mruko mvivu kwa kiasi kilekile, na ndani ya makofi hayo ya ukarimu ngoma huanza kulala. Anayeimaliza ngoma, basi, ni mtazamaji mkarimu asiyejua kuudhika nayo, anapokuwa ndiye mtazamaji wa pekee.

Lakini neno kwao nalo lataka kuangaliwa, lisije likageuzwa kufuli. Kijana wa Ng'iresi angelijifunza hilo hukohuko Paris. Mwaka huohuo wa 1776 lilipendekezwa jina la Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, awe mkurugenzi wa Opera. Alizaliwa Guadeloupe, mama yake akiwa mtumwa mwenye asili ya Afrika; alikuwa bingwa wa upanga, mpiga fidla na mtunzi, na kiongozi wa mojawapo ya okestra zilizosifika mjini. Baadhi ya wasanii wa kike wa Opera, miongoni mwao mcheza maarufu Marie-Madeleine Guimard, walimwandikia malkia kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za mtu chotara. Hakupewa cheo. Wale nao walidhani wanalinda kwao. Walichokilinda kilikuwa ngozi, wakati ujuzi ulikuwa nje ya mlango ukisubiri. Kwa hiyo kwao kunakohifadhi sanaa hakuwezi kuwa kwao kwa damu tu. Ni kwao kwa wale waliojifunza kwa bidii kiasi cha kuweza kusahihisha na kusahihishwa. Hata mgeni anaweza kuingia humo, iwapo yuko tayari kukaa muda mrefu kuliko saa moja baina ya simba na tembo.

Lililobaki ni la mtazamaji. Morani anayecheza kwa malipo hasemi uongo, sawa na mcheza baleti asivyosema uongo anapojifanya msichana wa shamba. Uongo huingia pale mnunuzi anapotaka pasiwe na mchezo, awe na hakika kwamba mtu huyu hana leo. Kumtunza mcheza kwa maana ya haki ni kumlipa ujira unaostahili kazi, kumwita fundi badala ya mabaki, kumuuliza nani alimfunza na nani kwao anayemshinda, na kumwachia simu yake. Na kwa wenye ngoma wenyewe, kutunza ni kuhakikisha kwamba siku ambazo hakuna mgeni bado pana sababu ya kucheza, na pana mzee wa kukunja uso.

Huko Laetoli, katika mkoa huohuo wa Arusha, zipo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Mary Leakey na wenzake walizifukua mwaka 1978, kisha zikafukiwa tena zisiharibike. Hizo ni hatua zilizotunzwa kuliko zote duniani, na zimedumu kwa sababu waliozikanyaga walikwenda zao na hakuna aliyezirudia. Hatua za ngoma zina amri nyingine. Zenyewe hudumu kwa kukanyagwa tena na mguu mwingine, usiolingana kabisa na ule wa kwanza, mbele ya jicho linaloijua tofauti.